Katiba ikitaja sharia, mwanamke analindwa na nini?

Swali. Shikamoo. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Rujewa, wilaya ya Mbarali. Kikundi chetu kina akina mama Waislamu na Wakristo. Tulipokaa kuandaa maoni yetu juu ya katiba tuligawanyika. Upande mmoja unasema nchi ikishaandika dini kwenye katiba, haki za mwanamke zimekwisha. Upande wa pili unasema haki za mwanamke zimo ndani ya dini, katiba haina cha kuongeza. Tueleze: nchi ambazo Waislamu ndio wengi zinamlindaje mwanamke kwa katiba, na zinakwama wapi? Halafu, tumesikia kwamba Misri mwanamke anatoka kwenye ndoa kwa khului, yaani kwa kurudisha mahari ili aachwe, mahakamani hata mume akikataa. Je, wa hapa kwetu anaweza?

Jibu. Marahaba, dada. Msigombane sana, maana kila upande umeshika kipande cha ukweli na kipande hicho hakitoshi. Misri imeandika tangu mwaka 1980 kwamba misingi ya sharia ya Kiislamu ndiyo chanzo kikuu cha sheria, na nchi hiyohiyo mwaka 2000 ikampa mke njia ya kutoka kwenye ndoa bila kungoja ridhaa ya mume. Katiba ya Indonesia haiutaji Uislamu hata mara moja, lakini mpaka mwaka 2019 sheria yake ya ndoa ilimruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 16 huku mvulana akisubiri 19. Tunisia mwaka 2014 iliandika mojawapo ya ibara nzuri kabisa juu ya wanawake, na mahakama ya kuitetea ibara hiyo haikuundwa. Kwa hiyo ukiulizwa kama dini imetajwa au haikutajwa, bado hujajua mwanamke wa nchi hiyo analindwa au halindwi.

Ninyi wa Mbarali mnalima mpunga kwa skimu, mnajua kwamba maji yaliyopo kwenye banio, pale yanapochepushwa kutoka mtoni, si lazima yafike kwenye jaruba la mwisho, kile kipande cha shamba kilicho mbali. Ibara ya usawa ni banio. Kati yake na mwanamke mwenye shida kuna mifereji: sheria ya familia, mahakama yenye mamlaka ya kutafsiri, ruhusa ya kufungua shauri, na muda uliowekwa wa kurekebisha sheria mbovu. Mmoja ukiziba, ibara inabaki kusomwa kwenye maadhimisho tu. Nitakaa zaidi na Misri na Indonesia, kwa sababu huko mifereji inaonekana vizuri.

Misri: maneno mawili na mahakama moja

Katiba ya Misri ya mwaka 1971, ibara ya 2, ilisema misingi ya sharia ni chanzo kimojawapo kikuu cha kutunga sheria. Mei 1980 ikabadilishwa, ikawa *ndicho* chanzo kikuu. Ibara hiyo imebaki katika Katiba ya 2014, ikikaa pamoja na ibara ya 11 inayoitaka dola ihakikishe usawa wa mwanamke na mwanamume. Msomaji wa haraka hudhani moja lazima imeze nyingine. Kazi ya kuzipatanisha iliiangukia Mahakama Kuu ya Katiba, iliyoundwa mwaka 1979.

Kwanza, mwaka 1985, mahakama hiyo ilisema ibara ya 2 ni agizo kwa mtunga sheria na linagusa sheria zilizotungwa baada ya mabadiliko ya Mei 1980. Za zamani hazifutwi mahakamani kwa hoja hiyo. Kuzipitia ni kazi ya Bunge. Pili, mwaka 1993, ikitazama masharti ya sheria ya familia ya 1985, ikaweka kipimo kinachotumika mpaka leo. Hukumu za sharia zikagawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zilizo yakini mara mbili: yakini kwamba zimetoka kwenye chanzo chake, na yakini kwa maana yake, hazibebi tafsiri nyingine. Hizo Bunge haliwezi kuzivuka. Fungu la pili ni mambo ambayo wanazuoni wametofautiana tangu zamani. Hayo ni uwanja wa ijtihadi, yaani jitihada ya kutafuta hukumu kwa kufikiri, na mtunga sheria anaweza kuchagua rai yoyote, hata isiyokuwa ya walio wengi, maadamu inalinda makusudio ya sharia na maslahi ya watu.

Angalieni uzito wa jambo hili. Fungu la kwanza ni dogo. La pili ni pana, na mengi ya yale yanayomuumiza mwanamke yamo humo: utaratibu wa talaka, fidia kwa aliyeachwa, malezi ya watoto, nyumba baada ya kuachana. Nani ameshika mizani ya kugawa mafungu hayo? Majaji wa mahakama ya katiba, kwa hukumu zinazosomwa hadharani. Hapo ndipo ninapowaomba upande wa kwanza wa kikundi chenu walegeze kidogo. Kinachoamua si sentensi ya dini peke yake, ni mkono unaoitafsiri na kama mkono huo unawajibika.

Sasa khului. Sheria Na. 1 ya mwaka 2000, kifungu cha 20, ilisimama juu ya aya ya 229 ya Suratul Baqara na hadithi ya mke wa Thabit bin Qays, aliyemwendea Mtume akasema hana lawama juu ya dini wala tabia ya mumewe, ila hawezi kuendelea naye. Aliambiwa arudishe bustani aliyopewa mahari, na Thabit akaamriwa amwache. Wanazuoni wengi wa zamani walisema khului haifai bila mume kuridhia. Bunge la Misri likachukua rai kwamba hakimu anaweza kuamua mwenyewe. Waliopinga wakaipeleka sheria mbele ya Mahakama Kuu ya Katiba, na Desemba 2002 mahakama ikasema haivunji ibara ya 2, kwa kuwa suala la ridhaa ni la fungu la pili. Mahakama ya Juu ya Pakistani ilikuwa imefika mahali hapohapo tangu mwaka 1967 kwa njia ya hukumu, bila sheria mpya.

Namna inavyofanya kazi: mke anarudisha mahari aliyopokea na kusamehe haki zake za fedha, yaani mahari iliyobaki, matunzo ya eda (muda wa kungoja baada ya kuachwa) na kiliwazo (fidia ya mke aliyeachwa). Anatamka wazi mbele ya hakimu kwamba hawezi kuishi na mume huyo na anaogopa kuvuka mipaka ya Mungu. Wasuluhishi wawili wanapewa muda usiozidi miezi mitatu. Wakishindwa, hakimu anatoa hukumu na hukumu hiyo haikatiwi rufaa. Kuna sharti moja ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote: malezi ya watoto, matunzo yao na haki zao nyingine haviwezi kufanywa bei ya khului. Mama hawezi kununua uhuru wake kwa chakula cha mwanawe, hata akitaka.

Inakoharibika ni kwenye pesa. Familia nyingi huandika kwenye hati ya ndoa mahari ndogo kuliko iliyotolewa. Siku ya khului mume anadai kile kikubwa na shauri linageuka ugomvi wa risiti ambazo hazikuandikwa. Kibaya zaidi, mwanamke aliyepigwa, mwenye haki ya talaka kwa sababu ya madhara na haki zake zote za fedha, huchagua khului kwa sababu kuthibitisha madhara kunachukua miaka. Anaacha haki yake ili apate haraka. Kwa hiyo njia ya khului haitoshi kama njia ya talaka kwa madhara haikufupishwa.

Kabla ya hapo kuna somo lingine ambalo watu wa harakati husahau. Mwaka 1979 Rais Sadat alitoa kwa amri yake, Bunge likiwa mapumzikoni, Sheria Na. 44 iliyompa mke wa kwanza haki ya kuomba talaka mume akioa tena, bila kulazimika kuthibitisha madhara. Mei 1985 Mahakama Kuu ya Katiba iliifuta. Hoja haikuwa dini. Katiba iliruhusu amri za namna hiyo kwa jambo la dharura tu, na sheria ya ndoa, ambayo ilikuwa imesubiri miaka hamsini, haikuwa dharura. Miezi michache haikupita, Bunge likapitisha Sheria Na. 100 ya 1985, iliyorudisha mengi, ila sasa mke wa kwanza akatakiwa kuthibitisha madhara. Haki iliyopita dirishani ilitolewa kwa mlango. Mkiandika maoni, msiridhike na agizo, waraka au tamko la kiongozi anayewapenda. Dai sheria iliyopita Bungeni kwa utaratibu kamili.

Indonesia: hoja ileile, kulindwa na kutolindwa

Hapa nataka mtazame jinsi shauri linavyojengwa. Sheria ya Ndoa ya Indonesia ya mwaka 1974, kifungu cha 7, iliweka miaka 19 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke. Shauri la kwanza mbele ya Mahakama ya Katiba lilidai umri wa binti upandishwe kwa sababu miaka 16 inahatarisha afya na elimu yake. Juni 2015 mahakama ilikataa: ikasema namba ya umri ni sera, iliyo wazi kwa Bunge kuchagua, na leo ukiweka 18 kesho utaombwa 20. Jaji mmoja tu ndiye aliyepinga wenzake, Maria Farida Indrati, na alikuwa jaji pekee mwanamke.

Shauri la pili halikung'ang'ania namba. Lilionyesha tofauti: sheria inamhesabu mvulana wa miaka 16 kuwa mtoto na binti wa miaka 16 kuwa mke, na tofauti hiyo inamnyima binti miaka ya shule ambayo nduguye anapewa. Mahakama sasa haikuweza kusema ni sera, maana Bunge halina uhuru wa kubagua kwa jinsia. Desemba 2018 ikatamka kifungu ni kinyume cha Katiba, ikalipa Bunge miaka mitatu. Bunge halikumaliza hata mwaka mmoja: 2019 umri ukawa 19 kwa wote.

Lakini mlango mdogo uliachwa. Wazazi wanaweza kuomba mahakama iruhusu ndoa chini ya umri, na baada ya sheria mpya maombi hayo yaliongezeka sana. Umri ulipanda, ruhusa za pekee zikafurika. Moroko ina jeraha hilohilo: sheria ya familia ya 2004 iliweka miaka 18 kwa wote, ikamwachia hakimu ruhusa ya kupunguza, na ruhusa ikawa njia ya kawaida. Ukiona kwenye rasimu maneno "isipokuwa kwa kibali cha mahakama", uliza papo hapo: kwa sababu zipi, kwa umri gani wa chini kabisa, na binti mwenyewe atasikilizwa na nani bila wazazi kuwepo.

Sisi Tanzania tunalo shauri pacha. Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana ni 18. Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ilitamka vifungu hivyo vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja. Serikali ilikata rufaa, na sehemu ya hoja zake ilikuwa kwamba sheria ile ilitungwa ili iafikiane na mila na dini za watu. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa. Mwaka ulipita sheria ikiwa haijarekebishwa. Linganisheni na Indonesia: hukumu zinafanana, mwendo wa Bunge ndio uliotofautiana.

Tunisia, na wengine kwa ufupi

Ulinzi wa mwanamke wa Tunisia haukuanzia kwenye katiba. Ulianzia kwenye Sheria ya Hali ya Mtu ya Agosti 13, 1956, iliyotangulia katiba ya 1959. Ilipiga marufuku mke wa pili kwa adhabu ya kifungo cha mwaka mmoja, na ikaamuru talaka itolewe mahakamani tu. Agosti 2012, rasimu ya katiba mpya ilipomwita mwanamke "mkamilishaji" wa mwanamume ndani ya familia, maelfu waliandamana siku ya kumbukumbu ya sheria hiyo, na neno likaondolewa. Katiba ya Januari 2014 ikaja na ibara ya 21 ya usawa na ya 46 inayolinda haki ambazo wanawake wamekwisha kuzipata. Mwaka 2017 ikafuata sheria ya kupambana na ukatili dhidi ya wanawake, na ukafutwa waraka wa 1973 uliomzuia Mwislamu mwanamke kuolewa na asiye Mwislamu. Pendekezo la kusawazisha mirathi lililopelekwa Bungeni mwaka 2018 halikupita.

Kilichokosekana ni mahakama. Katiba ya 2014 ilitaka majaji 12: wanne wa Bunge, wanne wa baraza la mahakama, wanne wa Rais. Bunge liliweza kumchagua mmoja tu, na mahakama haikukaa hata siku moja kabla ya misukosuko ya 2021 na katiba nyingine ya 2022. Ibara bila mahakama ni banio lisilo na mfereji.

Kuna hesabu moja ya Tunisia inayofaa kwa viti vya madiwani na wabunge. Mwaka 2011 kila chama kilitakiwa kupanga orodha yake mwanamke, mwanamume, mwanamke, mwanamume. Matokeo yalileta wanawake karibu robo tu, kwa sababu vyama vingi vilipata kiti kimoja kwenye jimbo na aliyeongoza orodha mara nyingi alikuwa mwanamume. Kwa uchaguzi wa halmashauri wa 2018 sheria iliongeza kwamba nusu ya orodha zenyewe ziongozwe na wanawake. Wakapata asilimia 47.

Iraki inafundisha hatari nyingine. Katiba yake ya 2005 inasema usawa katika ibara ya 14, kisha ibara ya 41 inawaachia watu mambo ya familia kwa kufuata dini na madhehebu yao. Mwanya huo ndio uliotumika kuibomoa taratibu sheria moja ya familia ya mwaka 1959, mpaka Januari 2025 Bunge likapitisha marekebisho yanayoruhusu wanandoa kuchagua hukumu za dhehebu. Jirani zetu Kenya, ambako Waislamu si wengi, wana mwanya unaofanana katika ibara ya 24(4) ya Katiba ya 2010, lakini wameufunga kwa mipaka: ni mbele ya mahakama za kadhi tu, kwa Waislamu tu, kwa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu tu, kwa kiasi kinachohitajika kabisa, na pande zote mbili ziwe zimekubali kwenda kwa kadhi. Zanzibar, ambako Waislamu ndio wengi kabisa, mambo haya yako chini ya Mahakama ya Kadhi kwa sheria Na. 9 ya 2017 iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Sheria ya Ndoa ya 1971 haivuki bahari. Mama wa Rujewa mwenye binti aliyeolewa Unguja asimpe ushauri wa bara.

Maoni yenu yaandikwe vipi

Msiandike "haki za wanawake ziheshimiwe". Hakuna atakayepinga na hakuna atakayeshikwa nalo. Andikeni kinachozibua mfereji.

Tafsiri ya ubaguzi itaje jinsia (kwetu neno hilo liliongezwa kwenye ibara ya 13(5) mwaka 2000), pia itaje ujauzito na hali ya ndoa, kisha iseme wazi kwamba inahusu sheria zilizotungwa, mila na sheria za dini zinapotumiwa na chombo cha dola. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye kazi. Kama mnataka kuacha nafasi ya sheria ya dini kwa waumini, na katika kikundi chenye dini mbili mtahitaji kukubaliana hapa, igeni mipaka ya Kenya: ridhaa ya pande zote mbili. Ongezeni kwamba mwanamke anaweza kuiondoa ridhaa kabla shauri halijaanza kusikilizwa.

Semeni nani anaweza kufungua shauri. Ikiwa ni aliyeumia peke yake, binti wa miaka 15 aliyeozwa Igurusi hatafungua. Hana nauli, hana wakili, na anaishi nyumba moja na watakaoshitakiwa. Andikeni kwamba kikundi au mtu mwingine anaweza kumfungulia.

Mwisho, muda. Mahakama ikiipa Serikali miezi 12 na miezi ikapita, iandikwe kinachotokea siku ya 366. Ibara yetu ya 30(5) inasema sheria iliyolalamikiwa huhesabiwa halali mpaka irekebishwe au muda uishe, lipi litangulie. Watendaji wengi hawaijui sehemu hiyo ya pili. Isomeni kwa sauti kwenye mkutano wenu.

Kama mnataka kwenda mahakamani kwa Katiba

Haki za ibara ya 12 mpaka ya 29 hudaiwa Mahakama Kuu kwa ibara ya 30(3) na Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu, Sura ya 3. Mbeya ina Mahakama Kuu, hakuna haja ya kudhani mashauri haya ni ya Dar es Salaam tu. Ombi linaandika jina na anwani ya mwombaji na ya mlalamikiwa, sababu za ombi, ibara mahususi zilizovunjwa, maelezo ya jambo lenyewe, na nafuu inayoombwa. Linaambatana na kiapo. Jaji mmoja hushughulikia hatua za awali, na kusikilizwa huwa ni mbele ya majaji watatu.

Yanakoangukia maombi mengi ni hatua za awali. Mwombaji anataja "Katiba imevunjwa" bila ibara ndogo. Au analalamikia uamuzi uliopaswa kukatiwa rufaa ya kawaida, na mahakama inamwambia kuna njia nyingine ya kutosha. Mwaka 2020 Bunge liliongeza sharti kwamba kiapo kionyeshe jinsi uvunjaji ulivyomgusa mwombaji mwenyewe. Sharti hilo limepingwa mahakamani, kwa hiyo muulizeni wakili hali yake ya leo kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Na ninyi wasaidizi, kumbukeni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017: mnaelekeza, mnaandaa watu, hamsimami mahakamani na hamtozi ada.

Khului kwa mwanamke wa Mbarali

Tanzania Bara, mwanamke Mwislamu hahitaji khului ili mahakama ivunje ndoa yake. Sheria ya Ndoa inamruhusu kuomba talaka ndoa ikiwa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, kwa ukatili, kutelekezwa, zinaa na mengineyo, na mume hana uwezo wa kuzuia kwa kusema tu "simwachi". Anaweza kufungua hata Mahakama ya Mwanzo. Kama ndoa haijafikisha miaka miwili, aombe kwanza ruhusa ya mahakama.

Wengi, hata hivyo, wanataka pia kuwa huru mbele ya dini yao, na hilo ni haki yao. Kifungu cha 107(3) kinawasaidia: wanandoa waliooana Kiislamu wakishapita Baraza la usuluhishi wa ndoa, Baraza likathibitisha limeshindwa, na baada ya hapo mmoja wao akafanya jambo linalovunja ndoa kwa sharia ya Kiislamu, mahakama hutoa talaka. Khului ambayo mume ameikubali inaingia hapo. Mume akiikataa, mwanamke anarudi kwenye sababu za kawaida.

Angalizo langu kubwa ni karatasi. Mwanamke aliyechoka huwekewa maandishi ya khului yenye sentensi "sidai chochote". Kurudisha mahari ni jambo moja; kusamehe nyumba na shamba mlilochuma pamoja ni jambo jingine kabisa. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali hiyo, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seifu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa naye alikuwa Mwislamu. Matunzo ya watoto yasiguswe kabisa kwenye karatasi hiyo. Mtu akitaka kuyaingiza, mwambieni hata Misri, ambako sharia ndiyo chanzo kikuu, sheria inakataa.

Wanandoa wote wawili wakiwa Waislamu, waende kwenye Baraza lililowekwa kwa jumuiya yao. Hati ya Baraza huangusha mashauri mengi. Lazima iseme kwamba Baraza limeshindwa kuwapatanisha. Hati inayosema "wamefika na kusikilizwa" haitoshi. Na ombi la talaka lifunguliwe ndani ya miezi sita tangu hati ilipotolewa. Mwanamke asome tarehe na sentensi hiyo palepale, kabla hajaondoka kwenye ofisi ya Baraza, na kama haimo aombe iandikwe upya.